Mguu Uliobaki Majabalini

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimefika salama. Kisiwa hiki kizuri ajabu: majabali yamesimama wima juu ya bahari, na mawingu yanapita chini ya madirisha.

Mwanao nimemkuta zahanati. Jiwe la barabara anayochonga na wenzake mlimani lilimwangukia mguuni. Aliponiona alicheka.

"Umefuata nini huku, mke wangu?"

Kisha homa ikampanda, akapoteza fahamu. Boti ya hospitali ilishindwa kutia nanga kwa mawimbi. Daktari wa zahanati akasema mguu usipokatwa hatapona. Nikatia saini peke yangu.

Ameamka mchana huu. Amepapasa shuka, halafu akauliza, "Mama anajua?"

"Namwandikia."

"Mwambie bado nina mmoja."

Mkweo, mama wa wajukuu zako