Gathogo Kwenye Shuka Nyeupe

Mweiga, Jumapili, Desemba

Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Nimetoka kanisani, nimekunywa chai, na nyumba imetulia. Sina huzuni wala furaha. Nimechoka tu, kama mtu aliyetoka kufua blanketi.

Niandike ya jana kabla hayajabadilika kichwani.

Likizo hii kamati ya hapa mjini iliamua kwamba kila Jumamosi kutakuwa na kitu uwanjani pale shule ya msingi, bure, kwa yeyote. Jumamosi ya kwanza ilikuwa bendi ya magitaa kutoka Nyeri. Jana ilikuwa zamu ya filamu. Ijayo vijana wa kanisa wataigiza, halafu kwaya zitafunga. Mimi ni fundi wa cherehani, kwa hiyo kamati iliniletea shuka tatu nyeupe nizishone ziwe moja pana ya kuonyeshea filamu. Nilipiga mshono mara mbili ili upepo usizipasue.

Tulienda watatu: mimi, binti yangu Wairimu ambaye ana miaka minane, na mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Cucu. Macho ya Cucu yana ukungu, anaona mwanga na kivuli tu. Nilimwambia abaki nyumbani kwa sababu ya baridi. Akachukua kigoda chake na shali.

"Mimi nitasikia," alisema. "Masikio bado iko."

Mume wangu Gathogo alikufa kwa homa ya mapafu kabla Wairimu hajaanza kutambaa. Hakuacha picha ila ile ya kitambulisho, ambayo anaonekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wairimu akiuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, huwa namjibu kwamba alikuwa mtu mzuri, mchapakazi, aliyempenda Mungu. Ni maneno ya tanzia. Nimeyasema mara nyingi mpaka siyasikii tena.

Gari la filamu lilifika jua likizama. Mwenye mashine, bwana mmoja mrefu mwenye koti la mvua, aliwasha jenereta, akasema kwamba kabla ya vichekesho tutaona filamu fupi ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Vijana wa nyuma walipiga miluzi. Hata mimi nilikuwa natafuta leso yangu mfukoni.

Ndipo nikaona lile lango letu.

Lango letu lenyewe, kabla halijaoza. Halafu ng'ombe. Halafu Gathogo akatokea kushoto amebeba majani ya nepia ya kulisha ng'ombe begani, akayatupa chini, akajifuta mikono kwenye suruali na kuanza kuongea. Mshono wangu ulimpita katikati ya kifua.

Nilikumbuka mara moja. Mwaka ule nilioolewa nilienda Othaya kumuuguza mama yangu wiki nzima. Niliporudi Gathogo aliniambia watu wa serikali walikuja wakampiga picha. Nilidhani picha za kawaida. Niliuliza ziko wapi, akasema zitaletwa, na baadaye tukasahau.

Cucu alisimama.

"Huyo ni Gathogo," alisema. Hakuuliza. Kisha akaita kwa sauti, "Gathogo! Uĩ kũ?" Uko wapi, alimuuliza, kama anavyomwita mtu aliye zizini.

Watu waligeuka kututazama. Kwenye shuka tayari kulikuwa na bwana mwingine, akieleza habari za kupe.

Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilishangaa. Nilimshika Cucu mkono ili asianguke, na Wairimu akanivuta sketi.

"Mami, huyo ndiye?"

"Ndiye."

"Sikumwona vizuri. Mami, sikumwona vizuri!"

Filamu ilipokwisha nilienda kwa mwenye mashine. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia yule mtu wa majani alikuwa mume wangu, ni marehemu, na mtoto wake hamkumbuki. Nikamwomba airudishe. Aliangalia jenereta, akaangalia watu.

"Mama, petroli ni kidogo. Nikirudia hii, vichekesho vitakatika. Watanipiga mawe."

Hilo nililielewa. Watu wengine walikuwa wametembea kutoka mbali kuja kucheka. Nilikuwa nimegeuka kurudi mahali petu, wakati mmoja wa wale vijana wa miluzi aliposema kwa nguvu, "Rudisha! Huyo ni mtu wetu!" Wengine wakadakia. Mwenye mashine akaanza kuuzungusha ule mkanda kinyume.

Mara ya kwanza nilikuwa nimemwona tu. Mara ya pili nilimsikia.

"Hii ng'ombe nilinunua na jasho yangu," alisema Gathogo, akimpigapiga mgongoni. "Nilianza na moja peke yake. Kama mimi nimeweza, hata wewe unaweza."

Yule ng'ombe alikuwa wangu.

Baba yangu alinipa ng'ombe huyo akiwa bado mtamba, nilipoolewa, ili nisikose maziwa nyumba ya watu. Alitembezwa kwa miguu kutoka Othaya, siku mbili. Gathogo hakutoa hata bei ya kamba. Na nikiwa nimesimama pale, mjane mwenye leso mkononi, uwanja wote ukinihurumia, kitu kilichonijia kifuani kilikuwa hasira. Hasira safi, ya mke kwa mume aliye hai. Miaka yote hii sikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa nimesahau kwamba inawezekana.

Vichekesho vilikatika katikati, kama tulivyoambiwa. Hakuna aliyerusha jiwe.

Njiani Wairimu hakufunga mdomo. Baba yake alinunua ng'ombe kwa jasho lake! Baba yake alifundisha watu kwa filamu! Alimnunua wapi? Alikuwa na umri gani? Ningemwambia nini? Kumwacha na uongo huo ilikuwa rahisi, alikuwa amempata baba saa hiyo hiyo. Na Cucu alikuwa ameshika mkono wangu, mama wa marehemu. Nilisema tu, "Angalia mawe."

Ni Cucu aliyesimama.

"Ng'ombe ilikuwa ya mama yako," alimwambia Wairimu. "Ilitoka kwa guka yako, baba ya mama yako, Othaya. Huyo kijana wangu alikuwa anapenda sifa. Akiona mtu mgeni, hata huu mlima ni yake."



"Kwa hivyo baba alidanganya?" Wairimu aliuliza.

"Alidanganya," nilisema. "Lakini majani alikata yeye. Kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Hilo ni kweli."

Cucu alianza kucheka, kicheko cha pumzi kisicho na sauti, akiniegemea. Nami nikacheka. Tulisimama barabarani tukicheka mpaka Wairimu akaona aibu kwa niaba yetu.

Tulipofika nyumbani nilimweleza mengine. Kwamba alikoroma. Kwamba aliogopa vyura, akiona chura mlangoni ananiita mimi. Kwamba aliimba vibaya, na alijua, na hakuacha. Wairimu alisikiliza huku amekunja magoti, hakuuliza kama alikuwa mtu mzuri.

Leo kanisani, katikati ya sala, aliniinamia sikioni. Alitaka kujua kama baba yake alijua kuogelea.

Sijui. Nililala naye kitanda kimoja na sijui. Jioni nitamuuliza Cucu.