Upande Asiouona Mama

Kakuma, Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Hilaire,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye vumbi. Natumaini wewe, wifi yangu na Estelle wetu mu wazima hapo Nairobi. Sisi mwili uko salama, ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, Mama husogea kusikiliza, na haya sitaki ayasikie.

Ni habari ya macho yake. Ulipouliza tulikujibu kwamba ni uzee, na hatukukudanganya. Sote tuliamini ni mtoto wa jicho, maana wazee wengi hapa kambini wamefanyiwa upasuaji, wakarudi wakituhesabia mvi. Kilichotuchanganya ni kwamba Mama, akivaa miwani, bado anatunga uzi kwenye sindano na mshono wake wa vitenge umenyooka, lakini anapiga teke ndoo iliyo ubavuni mwake. Akuch, jirani yetu Mdinka, alimnunia muda mrefu kwa kupitwa mlangoni bila salamu. Mimi nami nikadhani Mama ameingiwa na maringo tangu achaguliwe kuongoza kwaya, nikamsema. Kuanzia siku hiyo akawa anamsalimu kila anayesikia hatua zake, hata mbuzi. Tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Kisha pikipiki ikatokea ubavuni mwake pale sokoni, nusura imgonge. Zahanati ikatuandikia twende hospitali ya Lodwar, nikahangaikia kibali cha kutoka kambini mpaka nikakipata. Huko tulipokewa na Ekwam, tabibu wa macho, kijana Mturkana mpole. Alitusalimu ejok, Mama akaitika ejok kwa lafudhi yake ya Uvira, wakacheka. Halafu akamwambia Mama atazame pua yake tu, na aseme akiona kidole kinakuja kutoka pembeni. Hilaire, mimi nilikiona kidole kile tangu mwanzo. Kilisogea mpaka karibu na shavu la Mama, naye bado ametulia, anangoja.

Baada ya kumpima kwa mashine na kummulika ndani ya jicho, Ekwam alisema ni presha ya macho. Mama akabisha kwamba chumvi aliiacha zamani, presha itoke wapi. Akaelezwa kwa upole kwamba hii si ya damu; ni maji ya ndani ya jicho yanakosa njia ya kutoka, yanakandamiza mshipa wa kuonea, na kuona huanza kupotea pembeni bila mtu kujua. Nikauliza kama kutarudi. Alisema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Akauliza Mama anatumia dawa gani. Mama akasema hana dawa yoyote. Nikafungua fundo la kitenge chake, nikatoa kichupa cha dawa ya macho.

Ekwam alisoma maandishi yake, kisha akauliza nani alimwandikia. Alisema ndani yake mna steroidi: inatuliza muwasho haraka, lakini mtu akiitumia muda mrefu bila kupimwa, presha inaweza kupanda ndani ya jicho. Hakuapa kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, ila alisema ndiyo anayoishuku kuliko zote.

Kaka, ni ile dawa unayomtumia Mama kwa basi. Sikulaumu. Ulimsikia analalamikia vumbi, ukanunua, ikamsaidia, naye mwenye duka hakukuuliza kitu. Tulipotoka nje Mama alinishika mkono kwa nguvu, akaniapisha usijue kamwe. Alisema mtoto aliyemkumbuka mama yake kwa dawa habebeshwi mzigo wa namna hiyo. Nikaapa. Kisha akataka samaki wa kule ziwani Kalokol, akala kana kwamba tulikwenda Lodwar kutembea.

Kiapo hicho ningekitunza mpaka kaburini. Lakini Pasaka ulituambia kwamba macho ya Estelle yanamwasha, na kwamba unamwekea dawa ileile ya bibi yake. Tangu nilikumbuke hilo silali. Naogopa, Hilaire. Usimwekee hata tone moja tena. Mpeleke hospitali kesho, beba na kichupa, useme apimwe presha ya macho. Akishapimwa nitumie ujumbe wa neno moja tu, nitaelewa.

Mama sasa ana dawa nyingine, namwekea mwenyewe. Akuch amekuja kuomba radhi, na siku hizi humshika mkono wakienda kwaya.

Wifi msalimie, Estelle mbusu kwenye paji la uso. Mama naye anakusalimu. Amekaa hapa ubavuni kwangu, anashona, anadhani nakuandikia habari za mvua. Ameniambia nisisahau kukushukuru, na nikuambie kwamba dawa yako inamsaidia sana. Machozi yananidondoka juu ya karatasi, naye haoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Liliane