Dakika ya Kimya kwa Mzee Mzima wa Afya

Jumamosi jioni, Ikungi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka jikoni. Nimejifungia ndani, lakini si kwa sababu ya vumbi. Leo sitaki kuonana na mtu.

Nimejiaibisha.

Mnaosoma blogu hii mnajua kuhusu ule wimbo wangu wa saksafoni peke yake, bila gitaa wala ngoma. Niliutunga kwa hamu ya wapulizaji wa bendi za zamani, hasa Mzee Elieza, ambaye nilimsikia kwenye redio ya baba nikiwa mdogo nikaipenda saksafoni. Leo mchana niliupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa wiki ijayo.

Kupiga tu nikaona hakutoshi. Nikashika maiki, nikaomba watu wasimame dakika moja tuwakumbuke wazee wetu waliotangulia mbele za haki, akiwemo Mzee Elieza. Nani aliniambia amekufa? Hakuna. Mimi wimbo ukishaitwa zilipendwa, nawazika wote waliomo.

Watu wakasimama. Upande wa familia nikaona wanavutana nguo na kunong'onezana, nikadhani ni huzuni. Nikafumba macho, nikapiga, na machozi yakanitoka kweli.

Nilipomaliza, mama wa binti akanishika mkono, akanipeleka kwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu.

"Huyu ni baba yangu mdogo, amekuja jana kutoka Kilimatinde. Ndiye Elieza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwamkia, shikamoo yenyewe ikatoka nusu.

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi nilisimama," akasema, akicheka. "Masikio yangu mazito. Mpaka naambiwa marehemu ni mimi, nilikuwa nimeshainamisha kichwa."

Meza nzima ikacheka. Ingeishia hapo, ningecheka na mimi. Lakini akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilimtafuta nikamkosa.

"Ndiyo, mzee. Nimekutafuta sana."

Uongo mtupu. Kilimatinde ni mkoa huu huu. Nimepita Manyoni, jirani kabisa na kwake, mara ngapi nikienda Dodoma, na sijawahi kushuka wala kuuliza mtu.

Akanishika bega. "Pole sana, mwanangu. Mimi nilikuwa nyumbani tu."

Nikachukua saksafoni yangu, nikarudi nyumbani. Nimejisifu humu miaka yote kwamba nawapenda mashujaa wangu, kumbe nilichopenda ni kuwalilia. Marehemu hakuulizi mbona hukuja.

Kesho anarudi kwake. Jumatatu nitapanda basi, nibishe hodi, nimwambie ukweli kabla sijafungua mkoba wa saksafoni. Akinifukuza nitaelewa. Ninachoogopa ni anikaribishe, aagize chai iletwe, aseme si kitu.

Hiyo chai nitaimeza vipi?