Gari la Silwimba Liamke Mbele Yangu

Jumatatu, 8 Oktoba 1951. Iyula.
Nimegeuza kahawa kwenye mikeka tangu asubuhi. Mgongo unauma. Jana baada ya ibada nilitangaza mbele ya watu wote: Jumamosi naingia na gari. Si lori bovu la kukodi. Gari la jeshi, lenye turubai, magurudumu yote manne yanavuta, linapanda milima ya Ileje kama mbuzi. Analiuza Silwimba, mfanyabiashara wa Tunduma. Wapwa zangu wameshaanza kuniita Mjomba Dereva. Jina limenikaa.

Fedha ni za kahawa, zangu na za kaka yangu Yohana. Kazitoa shingo upande. "Wewe Burma ulikuwa unamenya viazi. Injini umeijulia wapi?" Mbele ya mke wangu! Nimemjibu kwamba vitani Burma niliendesha lori lisilo na breki, nyuma chui, mbele mto, na mayai ya afande hayakupasuka hata moja. Kacheka. Acheke.

Jumatano, 10 Oktoba. Tunduma.
Nimefikia kwa dada yangu. Mchana nimeliona gari. Zuri, shetani. Limeoshwa, linang'aa. Nimelikuta linaunguruma tayari. "Nimekupashia, mukwai," kasema Silwimba, kwa heshima ile ya Kibemba, mkono kifuani. Nimeendesha hadi karibu na mpaka na kurudi. Halikukohoa. Boneti hakutaka niifungue, ati nitaungua. Nusura nitoe fedha.

Ndipo nikakumbuka ng'ombe wa Kamsamba. Kule ukinunua ng'ombe wa jembe, unalala kwa mwenyewe. Alfajiri unamwangalia anavyoinuka, kabla ya maji, kabla ya majani. Mchana kila ng'ombe ni fahali: kalambishwa chumvi, kanywa, kajaa. Nyonga mbovu haionekani. Akiinuka na baridi yake, inaonekana. Nimenunua wengi hivyo, sijapunjwa. Yule mwekundu alikufa kwa radi, na radi siiongozi mimi.

Gari nalo liinuke mbele yangu.

Alhamisi, 11 Oktoba.
Nimefika jua halijatoka vizuri. Nimeweka kiganja kwenye boneti. Moto kama sufuria ya uji. Silwimba anafuta mikono, meno nje. "Baridi ya hapa kali, mukwai. Nimekuwahi."

Nimekasirika. Nimekaa juu ya bampa, nikamwambia siondoki mpaka lipoe. Mkewe kaniletea kikombe cha uji. "Baba, utaota mizizi hapo." Nimemwambia Burma nilikalia bomu mpaka lenyewe likakata tamaa.

Silwimba kataka aliwashe, alisogeze kivulini tu. Sikuinuka. Kataka tena. Sikuinuka. Jua limenichoma utosi. Watu wa sokoni wamekuja kunitazama kama kichaa. Watazame.

Alasiri limepoa. Nimefungua rejeta, nimezungusha hendeli mwenyewe. Kimya. Tena. Hendeli imenipiga mkono, mpaka sasa umevimba. Likawaka kwa kukohoa. Moshi mweupe, mzito, ukafunika nyumba. Rejetani maji yanatoa povu kama chungu cha togwa. Nimelizima, nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Rangi ya chai ya maziwa. Maji yanaingia kwenye oili. Injini ina ufa ndani. Likiwa moto ufa unajibana, likipoa unafunguka. Hilo hata mmenya viazi analiona.

Ijumaa, 12 Oktoba.
Silwimba kaja mwenyewe kwa dada. Kapunguza bei mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nimekataa. Basi kabadilisha wimbo. Dada kwa mdomo wake alishamwambia nilivyotangaza kanisani. "Kesho unaingia kwenu kwa miguu, mukwai? Watakuimbia."

Kagusa palepale penye kidonda. Nimewaza. Gari lingefika Iyula, hilo najua. Ningepiga honi, wanawake wangepiga vigelegele. Lingekufa baada ya wiki na ningepata hadithi ya kueleza, hadithi sikosi. Nimewaza hivyo muda mrefu, naandika bila kuficha. Lakini nusu ya fedha ni migongo ya watoto wa Yohana.

Nimemwambia abaki nalo, alichemshie maji ya kuoga.

Jumamosi, 13 Oktoba. Iyula.
Lori la mahindi limenishusha njia panda. Nimetembea. Katikati ya barabara, si pembeni. Watu walikuwa wamesimama wanangoja. Wapwa wamenipita mbio kwenda kutazama nyuma yangu, wakarudi wanatazamana. Mmoja wa wazee wa kanisa kapaza sauti: "Dereva! Gari liko wapi?"

"Nimelikataa!" Nimesema kwa nguvu ili wa mwisho asikie. Kicheko kimenifuata mpaka mlangoni. Sikuharakisha hatua hata moja. Mwenye gari kati yao anyooshe kidole. Hakuna. Basi.

Jumapili, 14 Oktoba.
Yohana kaja jioni. Nilikuwa nimeandaa hadithi nzuri, ina simba na daraja lililovunjika. Kakaa. Kauliza, "Lina nini?"

Nikasema, "Maji yanaingia kwenye oili."

Basi, hilo tu. Nimemsogezea kifurushi cha fedha. Kakitazama, hakukifungua, kakirudisha upande wangu wa meza.

"Kaa nazo wewe."

Mke wangu kaleta maharage. Tumekula. Nje upepo unavuma kutoka bondeni, una harufu ya mvua. Kesho kahawa ianuliwe mapema.