Gauni la Harusi ya Nassima

Mutsamudu,
Jumatatu, 9 Agosti 1999

Kwa dada yangu mpenzi Zaïnabou,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako, mguu umepungua uvimbe na watoto wote ni wazima. Je, ile dawa ya kuchua ilipatikana? Na shemeji Mdahoma, bado anakohoa asubuhi? Nauliza mengi kwa mkupuo kwa sababu tangu simu zikatike sina pa kuyauliza, na barua yako ya mwisho ilinifikia imelowa hata nusu yake sikuisoma. Sisi huku tu wazima. Binti yetu Housna ameng'oka jino la kwanza na anamwonyesha kila anayepita. Sukari tunapata, mafuta ya taa tunapata kwa bahati.

Barua hii anakuletea Mwalimu Abdoulkarim, anayefundisha Kurani mtaani kwetu. Kesho atapanda ndege Ouani, amepewa ruhusa ya kuja Moroni kutibiwa. Kwa hiyo naandika haraka, na vidole vyangu vyote vimetobolewa na sindano, lakini siwezi kungoja. Jana tumemwoza wifi yangu Nassima, na mimi ndiye niliyemshonea gauni la harusi.

Najua umeshaweka barua chini na unacheka. Ichukue tena, dada, nikueleze lilivyotokea.

Unakumbuka mwezi wa Aprili watu wa kisiwa hiki cha Nzwani walivyofukuzwa huko Moroni. Shemeji yangu Ridjali, mdogo wake mume wangu Nabhane, alikuwa akiuza katika duka la vitambaa huko kwenu kwa miaka sita. Alirudi hapa amevaa kiatu kimoja. Siku alipoingia nyumbani nilimpelekea maji ya kunywa, akayapokea, akayaweka chini, hakuyanywa. Toka siku hiyo hakula kitu nilichopika mimi. Mama mkwe wangu, mama Hayati, hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Aliacha tu kuniita mwanangu, akawa ananiita mke wa Nabhane. Mke wa Nabhane, chai imechemka? Mke wa Nabhane, nani yuko mlangoni? Mimi ndiye Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, peke yangu katika kichochoro chetu, na hata majirani walipunguza sauti nilipopita.

Sasa, harusi ya Nassima na Soulé ilikuwa imepangwa tangu mwaka jana. Gauni lilinunuliwa na shangazi yao Marseille, likatumwa kupitia Moroni, na huko Moroni likabaki mambo yalipoharibika Aprili. Fundi mmoja hapa mjini aliyekuwa akishona magauni ya maharusi amehamia kisiwa cha Maore. Aliyebaki hushona kanzu za wanaume, naye alisema gauni jeupe haligusi, asije akalaumiwa. Nassima alilia siku mbili. Siku ya tatu, wanawake wamekaa uani wanashauriana na kila mmoja anataja gauni la kuazima, mimi niliyekuwa nachambua mchele pembeni nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitalishona mimi. Dada yangu ni fundi Moroni, alinifundisha."

Wote wakanigeukia. Nassima akaja kunishika mikono. Ningewezaje kurudisha maneno?

Wewe unajua ulichonifundisha. Ulinifundisha kutoa nyuzi za bandi, zile za kushikizia kitambaa kabla ya kushona, na kupuliza makaa ya pasi. Siku moja uliniruhusu kushona pindo la pazia, ukalifumua lote kabla ya kulala. Lakini nilikaa kwenye chumba chako cha kushonea miaka kumi, dada, nikikutazama, na nilijidanganya kwamba aliyetazama ameshajua nusu.

Cherehani ilikuwepo. Ni ya mama Hayati, ya kuzungusha kwa mkono, na alikuja nayo kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka wa sabini na saba, walipookolewa kutoka kwenye mauaji yale ya watu wa visiwa vyetu. Aliteremka bandarini na watoto watatu na cherehani hiyo kichwani, na kwa cherehani hiyo akawalea. Siku hizi mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, kwa hiyo ilikuwa chini ya kitanda imefunikwa shuka. Nilipoiomba alisema niichukue, na niitie mafuta.

Nilianza na kanzu ya Nabhane, kujizoesha. Nilipima vizuri mabega, nikapima urefu, nikasahau kwamba kichwa nacho kina ukubwa wake. Alipoivaa ilimkwama kwenye pua. Akasimama katikati ya chumba amenyoosha mikono juu kama anayeomba dua, akaniambia kwa sauti ya kutoka ndani ya kitambaa kwamba mshono wa begani umenyooka sana. Nikaongeza tundu la shingo kwa mkasi, nikaongeza tena, mwishowe kanzu ikawa inamteremka mabegani mpaka kiunoni. Sasa ni pazia la jikoni, na hata hilo limekaa upande.

Kisha nikamshonea Housna gauni la maua. Mikono niliigeuza, wa kulia nikautia kushoto, na kwapa nikaziba zaidi ya inavyotakiwa. Alitoka nje anatembea na mikono imeinuka pembeni, hawezi kuishusha, akawaambia wenzake kwamba hii ndiyo mitindo ya Moroni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini nilipofumua nilikuwa nalia, kwa sababu zilibaki wiki tatu.

Kitambaa cha Nassima sikukinunua. Hapa naomba radhi ya kwanza, na radhi nyingine inakuja. Ile satini nyeupe uliyonipa nilipojifungua, ukaniambia niiweke mpaka nipate siku ya kuivaa, ndiyo niliyoikata. Niliitandaza juu ya mkeka, nikaipapasa muda mrefu, nikasema bismillahi, nikakata. Nilikata vipande viwili vya mbele, vyote vya upande wa kushoto. Nilipoviweka pamoja na kuona havikutani, nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kwa kifupi, vipande viwili vya mbele vimeungwa katikati kwa ukanda wa bitana, na nilimwambia Nassima ni pambo. Zipu niliing'oa kwenye begi la zamani la shule la Nabhane. Mkono mmoja ulizidi mwingine kwa vidole vitatu. Nilipomjaribisha kwanza lilimpwaya, kwa sababu nilimpima juu ya nguo zake, nikalipunguza kwa hasira hadi likawa linambana. Nassima alijitazama kwenye kioo, akajigeuza, akasema ahsante wifi. Ni binti mwenye adabu mno. Nilitamani aseme ukweli.

Jana sasa. Wanawake wamejaa chumbani, wamejifunga shiromani zao, zile shuka nyekundu na nyeupe, nyuso zimepakwa msindano wa unga wa msandali, vijana wanapiga ngoma kichochoroni. Soulé na watu wake walitarajiwa alasiri. Tulimvika Nassima, zipu ikapanda kwa kushikiliwa na watu wawili. Akasimama. Kwa mbali, dada, nakuapia, lilipendeza. Bibi Roukaya wa nyumba ya pili akaja kumkumbatia, Nassima akainua mkono wa kulia kumpokea, na mshono ukaachia kutoka kwapani mpaka kiunoni. Kila mtu aliusikia. Hata ngoma nje ilikuwa imenyamaza wakati huo, sijui kwa nini.

Mimi niliangalia sakafu, nikawa nahesabu hatua za kufika mlangoni.

Mama Hayati akanyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja akipapasa mpaka akamfikia binti yake, akaweka mkono kwenye gauni, akaanza kufuata mishono kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akafika kwenye ule ukanda wa katikati, akausoma wote juu mpaka chini. Akafika kwenye zipu, akasimama hapo. Kisha akasema, "Hassanati, hili gauni umelishona kwa mikono au kwa miguu?"

Tangu Aprili alikuwa hajaniita kwa jina langu. Nilimjibu kwamba sijui kushona, mama, sikuwahi kujua, nilisema uongo. Akaniambia anajua. Alijua tangu siku ya kwanza, kwa masikio. Kila siku alikaa uani akisikiliza cherehani yake ikikimbia, ikikwama, ikirudi nyuma, uzi ukikatika, na mimi nikivuta kamasi. Nikamwuliza kwa nini hakunizuia. Akasema, "Nilikuwa nangoja uchoke. Kila asubuhi nasema leo ataifunika ile cherehani, na kila asubuhi naisikia inaanza tena."

Halafu akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, alijishika mbavu. Bibi Roukaya akafuata, na chumba kizima, na Nassima mwenyewe akacheka mpaka mshono wa upande wa pili nao ukaanza. Akavuliwa gauni, akafungwa shiromani, akapewa chai, na mama Hayati akakaa mkekani akaagiza sindano. Zilitoka sindano ambazo sikujua kama zipo mtaani. Mmoja alipewa mkono, mwingine pindo, na wanawake wanne walikaa kuzunguka kiuno. Mama Hayati haoni, lakini alikuwa anapita na vidole nyuma yetu, na penye mshono mbaya anasema fumua. Mimi alinikalisha karibu naye, akanishika mkono akanionyesha namna ya kurudisha sindano nyuma ili mshono usiachie. Alinishika kwa nguvu, kama unavyonishika wewe.

Huku anashona alizungumza. Alisema aliposhuka bandarini na cherehani yake, watu wa hapa, wa damu yake mwenyewe, walimwuliza atarudi lini Majunga. Waliendelea kumwuliza miaka mitatu. Alisema mwezi wa Aprili, Ridjali alipoingia na kiatu kimoja, alijiona yeye mwenyewe, na hasira yake haikupata mtu wa karibu isipokuwa mimi. Hakuniomba radhi. Aliniambia tu nivute uzi vizuri, mwanangu.

Watu wa Soulé walisubiri nje saa nzima na nusu. Walipewa juisi mara tatu. Na sitakudanganya, gauni halikuwa zuri. Liliacha kubana, basi. Mkono mmoja bado ni mrefu, na katika picha utaona Nassima ameukunja. Shangazi mmoja alitaka kumletea gauni la kuazima, Nassima akakataa, akasema hili limeshonwa na watu kumi na saba, nani mwingine ana gauni kama hilo. Tulicheza mpaka miguu ikauma. Ridjali alikuja jikoni akachukua sahani ya pilau niliyopakua mimi, akala amesimama palepale mbele yangu. Alipomaliza akaniambia kwamba siku zile za Aprili, mama mmoja wa Ikoni, huko kwenu, asiyemjua alimficha siku mbili kwenye chumba cha kuni, akampikia, akamtafutia gari la kumfikisha bandarini. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Akaniuliza kama namfahamu. Nikamwambia simfahamu, lakini ningependa.

Sasa, dada, radhi ya pili, na kwa hii nakaa vizuri.

Mwezi wa Mei ulimtuma nahodha Madi. Ulikuwa umenipatia nafasi mimi na Housna kwenye chombo chake, uliuza bangili zako kuipata, na chombo kikarudi bila mimi. Nilikuandikia kwamba Nabhane amekataa. Ukajibu kwamba mtu anayemfungia ndugu yako kisiwani hatakanyaga tena nyumbani kwako, na toka hapo humsalimu kwenye barua zako.

Nabhane hakukataa. Nabhane ndiye aliyebeba sanduku langu mpaka bandarini. Njiani aliniambia niende, nipumzike kwetu, atanifuata mambo yakitulia. Alimpakia Housna chomboni kwa mikono yake mwenyewe. Ni mimi niliyesimama pale gatini nikashindwa kuinua mguu. Nilijiona nafika kwetu Vouvouni na watu wanasema tulimwambia asiolewe huko, na wewe ungekuwa wa kwanza kusema, na mimi ningekubali, na nisingerudi tena. Nilijijua. Nikamwambia amteremshe mtoto.

Usiku uliofuata nilishindwa kukuandikia ukweli, kwamba ulinivulia bangili na mimi nikachagua kubaki mahali ambapo hakuna aliyekuwa anataka nibaki. Nabhane akaniona na karatasi tupu. Akasema, andika kwamba nimekataa mimi, dada yako atanikasirikia mimi kisha yatapita. Hayajapita. Miezi mitatu amebeba hasira zako, na kila barua yako ikija ananiuliza umeandika nini, nami naisoma kwa sauti na kuruka mahali.

Jana usiku nilimwambia nitakuandikia ukweli. Alikwenda mwenyewe kumwomba Mwalimu Abdoulkarim anisubirie barua mpaka leo jioni.

Sijutii kubaki, dada. Najutia bangili zako na najutia jina lake. Mimi nikasirikie unavyotaka, ni haki yako, utanisema tukionana. Lakini Mwalimu atakaa Moroni wiki mbili na atapita kwako kuchukua majibu. Ukiandika, naomba juu ya bahasha uandike jina la Nabhane, na umwache aifungue yeye.

Wape salamu shemeji Mdahoma na watoto wote, na majirani wote wa Vouvouni wanaoniulizia. Mama Hayati anakusalimu. Amesema nikwambie kwamba mwanafunzi wako amehamia kwa fundi mwingine na ameanza upya, kwa kutoa nyuzi za bandi. Mungu akulinde na akuponye mguu.

Mdogo wako akupendaye,
Hassanati