Bega la Kondoo Nililolipasha Moto

Mufindi, shamba la chai

Mke wangu Mama Atupele,

Nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo. Wewe hujambo? Atupele je, meno yameota? Barua zangu mbili hujazijibu. Najua umenuna, lakini hii isome, nina habari.

Bwana wangu alipata mgeni, Mzungu mmoja mnene, akakaa wiki tatu. Anakula, analala, haagi. Juzi Memsabu, mke wa Bwana, akaniambia, "Mpishi, mchana mpe lile bega la kondoo la jana. Baridi hivyo hivyo." Niliona aibu. Mgeni ale kiporo, na jikoni nipo mimi? Nikalipasha vizuri, nikatia vitunguu na viazi vya moto. Mgeni akala, akajilamba vidole, akasema atakaa hadi mwisho wa mwezi!

Lo! Memsabu alinijia jikoni mwekundu kama nyanya. Nikajua kazi imekwisha. Mara akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa kwenye gunia la viazi. Ndipo akanieleza kwamba zamani kwao mgeni aliyewachosha wenyeji aliwekewa bega la kondoo baridi, akaelewa mwenyewe, akafunga mizigo. Ndiyo maana mpaka leo mtu akinuniwa na kupuuzwa ili aone hatakiwi, Waingereza husema amepewa bega baridi. Ndivyo alivyosema, kama ni kweli, wanajua wenyewe.

Mama Atupele, nilicheka naye. Kisha nikakumbuka siku ile naondoka, ulivyonifungia ndizi za jana, za baridi, bila neno. Na sababu naijua. Nilisema mbele ya mama yako kwamba ndizi zako hazina chumvi, kwamba kwa Wazungu ungefukuzwa kazi. Mjinga mimi! Kazi hii imenivimbisha kichwa. Nisamehe, mke wangu. Nilikukosea mbele ya watu, na nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao.

Msalimie mama yako kwa heshima zote. Msalimie kaka yangu anayetuchungia ng'ombe, na shangazi anayeimba kwaya.

Pasaka nimepewa likizo. Nitapanda lori pale Nyololo. Ukiniwekea kiporo sitalalamika: nitakipasha mwenyewe kwenye jiko lako, nitakila chote, na siondoki.

Ni mimi mumeo anayekupenda,
Baba Atupele