Mama Bado Yuko kwa Yakub

Kaka Hamisi,

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu namba zako zote mbili hazipatikani, na yule rafiki yako aliyekuwa akitupa habari zako anasema ulishahama, hajui uliko. Huenda mtu akaisoma barua hii akakutambua: mtoto wa dungu la mwisho, upande wa mtoni, aliyeweza kupiga debe la kufukuza ndege huku amesinzia. Ni wewe huyo, usikatae.

Unalikumbuka lile dungu? Mpunga ukianza kutoa masuke, mama alituhamishia huko juu ya nguzo tulinde ndege, na baba akabaki nyumbani Mtawanya na mihogo yake. Kutwa nzima tulipiga kelele na kurusha udongo kwa teo. Ili tusilale, mama alitupa manabii. Lakini hakuwa kama mwalimu wa madrasa. Hakuuliza Yunus alimezwa na nini. Aliuliza, "Nani leo yuko tumboni mwa samaki?" Ukinuna, ukajigubika kanga na kukataa uji, basi ndiko uliko, na mama alikuacha humo mpaka utoke mwenyewe. Aliyeonywa asikanyage ngazi mbovu akakanyaga, siku hiyo alikuwa mtoto wa Nuhu. Nami nikikunyima muwa niliambiwa Firauni wangu ameamka. Jioni, kabla ya kula, kila mmoja alisema siku yake kaishinda kwa nani.

Mwalimu wa madrasa alipopata habari alimjia juu. "Mama Hamisi, manabii walikuwa watu, waliishi!"

Mama hata ungo hakuuweka chini. "Sijasema hawakuishi, mwalimu. N'nasema hawajaondoka."

Ulicheka mpaka ukakaribia kuanguka. Mimi nilichukulia ni mchezo wa kutufanya tusilale, na nimekuja kumwelewa mama nikiwa mtu mzima, kwa njia ambayo simwombei mtu.

Sasa lile jambo. Nilitaka nilipite kimyakimya, ila bila hilo barua hii haina maana. Baba alipolazwa Utete mimi ndiye niliyekuwa naye. Ulipiga simu mara tatu, na mara zote tatu nikakwambia anaendelea vizuri. Haikuwa kweli. Ulikuwa ndiyo kwanza umepata kazi, hiyo ni sababu moja. Ya pili ndiyo yenyewe: niliogopa kwamba nikikuita, basi nimekubali kuwa anakufa. Akafa asubuhi, na alasiri tukamzika, kama unavyojua maiti hasubiri. Ulifika watu wananawa mikono. Ulisimama pale kaburini, ukaniangalia mimi, si mtu mwingine. "Mmemzika bila mimi." Kesho yake ukaondoka na basi la kwanza.

Tumevuna mpunga mara tano tangu siku ile.

Macho ya mama yameharibika, kaka. Ni presha ya macho. Daktari alisema tumechelewa, dawa anazopewa ni za kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni mwanga wa mlangoni tu. Anakaa hapo mlangoni, uso ameuelekeza barabarani. Pikipiki ikipunguza mwendo, anajitengeneza kanga. Ikipita, anaiachia. Nami nipo ndani nachambua mchicha, naona yote, sina la kufanya.

Huwa namuuliza kama zamani, "Leo uko kwa nani, mama?"

"Kwa Yakub."

"Hamia basi hata kwa Ayub, yule angalau alipona."

"Kwa Ayub nilishapita, mwanangu. Huku hakuna njia ya kutokea. Mpaka aje mtu."

Ndipo nikafanya ujinga ambao nakueleza nikiwa na aibu. Unakumbuka mwisho wa kisa: Yusuf anatuma kanzu yake, mzee Yakub, aliyepofuka kwa kumlilia, anawekewa usoni, anapata harufu ya mwanawe na macho yanafunguka. Nikaenda Bungu kwenye mitumba, nikachagua shati la drafti, mabega mapana kama yako. Nikalipaka mafuta ya nazi kwenye kola, nikalining'iniza juu ya moshi wa kuni siku mbili, maana ndivyo ulivyokuwa ukinuka kule dunguni. Nikamwekea mama mapajani. Nikamwambia, "Hamisi kaleta salamu."

Alilishika kwa mikono miwili akalileta usoni. Akakaa nalo hivyo muda mrefu, nami nikaanza kuamini uongo wangu mwenyewe. Kisha akalikunja taratibu, mkono juu ya mkono, kama anavyokunja nguo za msiba.

"Hili la mtumba," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Hata ndugu zake Yusuf walileta kanzu, mwanangu. Ile ya kwanza. Yenye damu ya uongo."

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, lakini siku ile nilikimbia kwa jirani yetu Mwalimu Neema nikalia kama mtoto. Yeye ni Mkristo, katoka bara, na visa hivi anavijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Akasema katika Biblia yake nguo ya Yusufu inakwenda kwa baba mara moja tu, ile iliyochovywa damu ya mbuzi. Hiyo ya kufungua macho hakuisoma popote. Sidhani alitaka kuniumiza. Ila tangu siku hiyo nina hofu, kaka: je, kama nyumba yetu ni ya kisa cha Biblia yake? Kama nguo ya mama imeshakuja, nayo ni ile niliyoileta mimi?

Sikuombi unisamehe. Wala sikuombi urudi, sina uso huo. Mama akisema yuko kwa Yakub, najua na mimi niko kwa nani, na nimekaa huko miaka yote hii bila kujua namna ya kutoka.

Naomba shati. Lolote, hata lililochanika. Mpe kondakta wa basi linalokuja Kibiti, mwambie ni la Mama Hamisi wa Mtawanya, litafika. Macho hayatarudi, daktari ameshasema, na mama mwenyewe alitufundisha kwamba macho ya Yakub si haya ya usoni. Anataka kujua tu kama uko hai.

Usilifue.

Mdogo wako,
aliyekwambia baba anaendelea vizuri